Kusi, bamvua na mlango wa mwamba: lini kuogelea Jambiani msimu wa kipupwe

"Mtaalamu, salamu. Tumehamia Jambiani, Unguja, mwezi wa tatu kikazi, mimi, mke wangu na watoto wawili, wa miaka 9 na 12. Tulipofika bahari ilikuwa shwari na watoto waliogelea kila jioni. Tangu kusi iingie, majirani wengine wanatuambia bahari ya kipupwe haiogelewi, wengine wanasema ndani ya mwamba ni salama kama karai la maji. Wiki iliyopita niliogelea asubuhi, maji yanakupwa, nikaelekea upande uliotulia usio na povu. Maji yalikuwa ya kifua tu. Nikajiona nasogea kuelekea nje bila kupiga mkono, na nilipotaka kusimama miguu haikushika mchanga. Nilitoka kwa shida sana. Simu yangu ilionyesha mawimbi ya mita 1.6, sekunde 9, na mimi nilikuwa naona viwimbi visivyofika magotini. Nani muongo? Je, niwazuie watoto mpaka Oktoba? Wanatoka majini wanatetemeka, baridi hii ina madhara? Na nimenunua ubao wa mawimbi wa futi 6 kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao; nilitaka kujifunzia pale mwambani."

Pole sana ndugu yangu, na ahsante kwa kueleza kwa makini: wakati wa siku, hali ya maji, mahali penye povu na pasipo povu. Ukivipanga vitu hivyo vitatu, kilichokupata kinaeleweka vizuri.

Hakuna muongo. Simu ilikuwa inazungumzia bahari ya nje, kule kilindini. Macho yako yalikuwa yanaona maji ya ndani, kati ya ufuko na mwamba. Kilichokuvuta ni tofauti iliyopo kati ya bahari hizo mbili. Kadiri nje inavyochafuka, ndivyo maji mengi yanavyomwagwa ndani kwa kuvuka mwamba, na maji hayo lazima yatafute njia ya kurudi. Kwa hiyo utulivu wa ndani si kipimo cha usalama. Jirani anayesema ni karai la maji amesahau kwamba karai hili lina matundu.

Nianze na upepo wenyewe. Kusi huingia kuanzia Aprili au Mei na kudumu mpaka Septemba au Oktoba, na miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, ndiyo huvuma kwa nguvu zaidi. Hutoka kusini na kusini-mashariki, na kwa kuwa pwani ya Jambiani, Paje na Bwejuu inatazama mashariki, upepo unakujia kwa mshazari kutoka mkono wa kulia ukiwa umeikabili bahari. Ndiyo maana watu wa kaiti, wanaoteleza majini kwa ubao wakivutwa na tiara, hujazana Paje miezi hii. Kusi hufanya mambo mawili kwa pamoja. Inainua mawimbi yake yenyewe, mafupi na yenye fujo, ya sekunde 7 mpaka 9 hivi kati ya wimbi na wimbi. Vilevile inauongezea kasi Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki, ambao huenda kaskazini mwaka mzima nje ya mwamba. Wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, upepo unaupinga na mkondo unalegea. Wakati wa kusi upepo unausukuma mgongoni, na unapofikia kilele chake unaweza kwenda hadi noti 4, yaani zaidi ya kilomita 7 kwa saa. Hakuna muogeleaji wa kawaida anayeweza kushindana na kasi hiyo. Kumbuka neno "kaskazini", tutalihitaji tena.

Sasa mwamba. Mbele ya kijiji chenu mwamba umelala sambamba na ufuko, umbali wa zaidi ya kilomita moja. Mawimbi ya nje yanapoufikia yanapasuka, na kila linalopasuka linatupa maji ndani. Maji ya ndani yanapanda kidogo kuliko yale ya nje. Hata sentimita 10 au 20 zinatosha. Hayawezi kurudi yalikotoka, kwa sababu mawimbi mengine yanaendelea kuja juu ya mwamba. Basi yanateleza pembeni, sambamba na ufuko, mpaka yapate mahali ambapo mwamba umekatika: mlango, ule ambao ngalawa hupitia kwenda kuvua. Hapo yanatoka yote kwa pamoja.

Na hapa ndipo wengi hukosea kama ulivyokosea wewe, bila kosa la makusudi. Mlangoni pana kina, na penye kina wimbi halipasuki. Wimbi hupasuka linapofika kwenye maji ya kina kinachozidi urefu wake kidogo tu: wimbi la mita 1.5 hupasukia kwenye maji ya mita 2 hivi. Kwa hiyo ukisimama ufukweni ukaona mstari mweupe wa povu mwambani, kisha ukaona pengo lisilo na povu, maji yake meusi kidogo, juu yake kumekunjamana na pengine kunapita majani na mchanga kuelekea nje, huo ndio mlango. Kwa macho ya mgeni, hapo ndipo palipotulia.

Kupwa kwa maji kunazidisha jambo hili. Pwani ya Zanzibar maji hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Siku za bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa inafika mita 3.5 mpaka 4. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, inashuka mpaka karibu mita 1. Na maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawanya saa sita za kupwa katika mafungu 12: saa ya kwanza linashuka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Chukua bamvua la mita 3.6. Saa ya kwanza yanashuka sentimita 30 tu, unaona kama hakuna kitu. Saa ya tatu na ya nne yanashuka sentimita 90 kila moja.

Hizo ndizo saa mbaya, ya tatu mpaka ya tano ya kupwa. Mwanzoni mwa kupwa maji bado yamefunika mwamba na yanatoka juu yake kwa upana wote. Yanapoteremka, mgongo wa mwamba unaanza kuchomoza, upana wote ule unafungwa, na maji yaliyobaki ndani, ya eneo la kilomita nyingi za mraba, yanabaki na njia ya milango pekee. Ni sawa na kuziba mdomo wa mpira wa maji kwa kidole: maji ni yaleyale, lakini kasi inapanda. Wewe ulikuwa kwenye maji ya kifua, na hilo lilikupa imani. Lakini maji ya kifua yanayokwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka humnyanyua mtu mzima, kwa sababu mwili ukizama mpaka kifuani unakuwa mwepesi na miguu haipati uzito wa kukanyagia mchanga.

Nisahihishe na jambo jingine ambalo hukuliuliza, lakini bila shaka umelisikia: kwamba mkondo humvuta mtu chini. Haumvuti chini. Humpeleka mbele, juujuu. Anayezama katika mkondo kwa kawaida amezamishwa na uchovu wa kupigana nao, au na hofu iliyomfanya ameze maji.

Basi ukishikwa tena, fanya hivi. Lala chali, acha mwili uelee, vuta pumzi mpaka moyo utulie. Inua mkono mmoja na upige kelele au filimbi. Filimbi ndogo ya plastiki iliyofungwa shingoni ni kifaa cha bei nafuu kuliko vyote nitakavyotaja hapa. Ukiwa bado ndani ya mwamba, ogelea kwa kukata mkondo, yaani kuelekea kushoto au kulia, mpaka ufike penye kina kifupi usimame. Usiogelee moja kwa moja kurudi ufukweni. Mpaka hapa ushauri ni uleule unaotolewa kwenye fukwe za mchanga duniani kote. Lakini kwetu kuna tofauti kubwa. Ukishapita mlangoni, ukijitupa pembeni unaangukia juu ya mwamba wenyewe, mawimbi yanapopasukia kwenye matumbawe makali, na hapo unaweza kuumia vibaya sana. Ukishatoka nje, kaa nje. Jitenge na povu, elea, okoa nguvu, ashiria. Mkondo wa mlangoni hulegea ukishafika mbali kidogo nje ya mwamba, kisha ule mkondo mkubwa unakuchukua kaskazini. Kwa hiyo aliyebaki ufukweni anapaswa kujua hili: mtu aliyetokea Jambiani wakati wa kusi anatafutwa upande wa Paje na Bwejuu, si pale alipoonekana mara ya mwisho. Mwambie mke wako hilo, na umwonyeshe nyumba ya nahodha wa karibu mwenye boti ya mashine.

Na usijaribu kumfuata mtu mlangoni bila kitu cha kuelea. Galoni tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri linambeba mtu mzima, na kila nyumba ya pwani inalo. Mtupie hilo.

Sasa simu. Namba ya mita 1.6 ni ya maji ya kilindini, na inakokotolewa kwa eneo pana la kilomita nyingi. Programu haijui kwamba mbele yenu kuna mwamba. Pia si urefu wa kila wimbi. Ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi, yale makubwa. Maana yake yako madogo zaidi, na yako makubwa zaidi: katika mawimbi elfu moja, moja litakaribia mara mbili ya namba hiyo. Kwa sekunde 9, mawimbi elfu moja hupita ndani ya saa mbili na nusu. Yaani asubuhi moja ya mita 1.6, tegemea angalau wimbi moja la karibu mita 3 mwambani. Hakuna cha wimbi la saba wala la tisa. Ni bahati nasibu tu, ila bahati nasibu inayochezeshwa kila sekunde 9.

Namba ya sekunde wengi huipuuza, na ndiyo yenye habari nyingi. Sekunde 7 mpaka 9 ni kusi ya karibu. Ukiona sekunde 13, 14 na zaidi, hayo ni mawimbi yaliyozaliwa na dhoruba za mbali kusini mwa Bahari ya Hindi, kule ambako huo ndio msimu wa baridi kali. Madagaska inatukinga na sehemu kubwa yake, lakini mengine hupenya. Wimbi la sekunde 14 husafiri karibu kilomita 900 kwa siku, kwa hiyo linaweza kufika siku nne au tano baada ya dhoruba, tena siku ambayo kwenu hakuna hata upepo. Umbali kati ya kilele na kilele kwa wimbi la sekunde 9 ni kama mita 125; kwa la sekunde 14 ni kama mita 300. Kwa urefu uleule, hili la pili linabeba nguvu mara moja na nusu, na linamwaga maji mengi zaidi ndani ya mwamba. Tena huja kwa makundi: dakika nyingi za ukimya, kisha matano au sita yanafuatana. Mtu anatazama bahari dakika tano, anaona shwari, anaingia. Tazama dakika 20 kabla ya kuamua.

Kosa moja la simu ni la kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili, na linahitaji uangalifu. Programu ikikuandikia maji makavu 10:00, hiyo ni saa nne asubuhi, si saa kumi. Siku za bamvua Zanzibar maji hukauka karibu na saa nne, asubuhi na usiku, na hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni. Ukichanganya saa ya simu na saa yetu unakosea kwa saa sita kamili, na saa sita ndiyo tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa. Umegeuza bahari juu chini kwa kusoma namba moja vibaya. Andika saa za maji kujaa na kupwa kwenye karatasi kwa saa za Kiswahili, ubandike mlangoni kwenu.

Karatasi hiyo itakupa pia jibu la watoto. Kuwazuia mpaka Oktoba si lazima, na pengine kuna hasara, maana mtoto wa pwani asiyejua maji ndiye anayezama siku ya kwanza atakayoingia kwa siri. Chagua siku na saa.

Siku bora za kipupwe ni za maji mafu, tarehe 8 mpaka 10 na 22 mpaka 25 hivi za mwezi mwandamo. Tofauti ya maji ni ndogo, mikondo imelegea, na kwa bahati njema siku hizo maji hujaa karibu na saa nne asubuhi, wakati ambao kusi kwa kawaida haijashika nguvu zake za mchana. Kuanzia saa mbili mpaka saa nne na nusu asubuhi mna maji ya kutosha, yanayoingia, yenye upepo mdogo. Hapo waingie wakiwa na mtu mzima anayewafikia kwa urefu wa mkono, na wabaki kwenye maji ya kiunoni mwao wao, si mwako. Yale maboya ya kupuliza ya mkononi usiyahesabu kuwa kinga. Hupasuka na huchomoka mkononi. Jaketi okozi lenye kamba ya kupita katikati ya miguu ndilo linalobaki mwilini.

Siku za bamvua, saa salama ni mbili za mwisho za kujaa, yaani saa nane mpaka saa kumi jioni. Lakini hapo kuna gharama. Maji yakiwa juu ya mwamba, mawimbi mengi ya nje yanavuka na kufika ufukweni, na upepo wa jioni umepamba moto. Kwa kijana wa miaka 12 anayeogelea vizuri inawezekana. Kwa wa miaka 9 ningesubiri siku chache, mpaka maji mafu yafike. Na saa kumi ikipita, tokeni.

Matembezi ya kwenda mwambani maji yakiwa makavu, ambayo watoto huyapenda, nayo yana kanuni yake. Ondokeni kurudi saa ileile ya maji makavu kabisa, si baadaye. Maji yanapojaa hayaji kama pazia kutoka baharini. Yanajaza kwanza mikondo na mabonde yaliyo kati yenu na ufuko, kimyakimya nyuma ya migongo yenu, na saa ya tatu yanapanda sentimita 90. Vaeni viatu, kwa ajili ya miiba ya baharini na samaki wa sumu wanaojificha mchangani, na mpite pembeni ya mashamba ya mwani. Vijiti na kamba zile ni riziki ya kina mama wa kijiji, na maji yakijaa zinafunika bila kuonekana na kumnasa mguu muogeleaji.

Kuna njia ya tatu: kubadilisha pwani. Wakati wa kusi upande wa kaskazini na kaskazini-magharibi wa Unguja, Kendwa na baadhi ya Nungwi, umekingwa na kisiwa chenyewe, na Kendwa maji hayakauki kama kwenu. Kwa siku ya mapumziko ya familia ni chaguo zuri. Ila kumbuka kwamba pale upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini. Maji ni laini kama kioo ufukweni, na boya la kupuliza au ubao wa kusimamia wenye mtoto juu yake husukumwa nje kwa kasi kuliko mtu anavyoweza kuogelea. Jambiani upepo unamrudisha mtoto ufukweni, Kendwa unamwondoa. Wala upande wa magharibi si salama moja kwa moja kwa sababu tu umekingwa. Meli ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, upande huohuo, tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kipupwe.

Baridi. Maji ya bahari yetu hushuka mpaka nyuzi 25 au 26 Julai na Agosti, kutoka nyuzi 28 hadi 30 mwezi wa tatu. Hayaui, lakini maji huondoa joto mwilini mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia ya baridi ileile, na mtoto mwembamba hupoa haraka kuliko wewe. Kinachowatetemesha zaidi ni upepo wanapotoka wameloa. Dakika 30 mpaka 40 zinatosha kwa wa miaka 9. Ukiona kutetemeka, muda umekwisha, hata akisema bado. Fulana ya mikono mirefu ya kuogelea inasaidia kidogo; vazi la mpira la milimita 2, mikono na miguu mifupi, linasaidia sana, na hupatikana la mitumba kwa watu wa kaiti. Akitoka, vua nguo mbichi, kausha, vaa kavu, mpe uji au chai ya tangawizi. Kutetemeka kwa robo saa hakuna madhara. Linaloogopesha ni mtoto aliyeacha kutetemeka bila kupata joto, anayejikwaa, anayeongea kwa ulimi mzito au kusinzia. Huyo apelekwe hospitali akiwa amefunikwa, bila kusuguliwa mikono na miguu.

Kuna siku ambazo hakuna mahesabu ya kufanya. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa kwa Kiswahili, kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Ukisikia "upepo mkali unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2" kwa pwani inayotaja Unguja, watoto wabaki nchi kavu siku hiyo. Upepo ukitulia, ongeza siku nzima, kwani mawimbi huchelewa kulala. Na msilegee Septemba ikifika. Kusi inakuwa imeanza kuchoka, lakini mabamvua ya Septemba, kama ya Machi, huwa makubwa kuliko mengi ya mwaka.

Mambo mawili siwezi kukupa kwa maandishi, yatafute kwa miguu. La kwanza ni ramani ya milango yenu. Nenda kwa kamati ya wavuvi ya shehia, omba nahodha mmoja asimame nawe ufukweni maji yakiwa yamekupwa nusu, akuonyeshe kila mlango na mchanga uliohama msimu huu. La pili ni mwalimu wa kuogelea kwa watoto, wa kuelea hasa, kabla ya mitindo. Mtoto anayeweza kulala chali dakika tano bila kushikwa ana nafasi kubwa kuliko anayejua kwenda kasi mita 25.

Na Mungu apishe mbali, mtu akitolewa majini hapumui, msimning'inize miguu juu wala kumkandamiza tumbo kutoa maji. Huko ni kupoteza dakika na kumsababishia kutapika. Anza na pumzi tano za mdomo kwa mdomo, pua imebanwa, kisha kubana kifua mara 30 na pumzi 2, bila kuacha, mwingine akipiga 112 na kutafuta gari. Aliyezama akazinduka, hata akionekana mzima, apelekwe hospitali ya Makunduchi au ya Mnazi Mmoja siku hiyohiyo, hasa akikohoa mfululizo, akihema haraka au akilegea, kwa sababu maji yaliyoingia kwenye mapafu yanaweza kumzidia saa kadhaa baadaye.

Nimalizie na ubao. Futi 6 ni ubao wa mtu aliyekwisha kujua. Ni mwembamba, unazama chini ya mwanafunzi na unageuka haraka. Mwambani ndipo mahali pa mwisho pa kujifunzia, kwani ukianguka pale unaanguka juu ya matumbawe yenye maji ya kiunoni. Uuze, utafute wa povu laini wa futi 8 au 9, mpana wa inchi 22 au zaidi, wenye kamba ya mguuni isiyochakaa. Jifunzie ndani, maji yakiwa yamejaa, kwenye yale mawimbi meupe madogo yaliyovuka mwamba na kujikusanya upya kuelekea ufukweni, penye mchanga, mbali na mashamba ya mwani. Fanya hivyo msimu huu mzima. Ukiweza kusimama mara nane katika kumi, kuelea nusu saa bila ubao, na kuusoma mlango bila kuelekezwa, tafuta nahodha akupeleke mwambani kwa boti, saa moja kabla ya maji kujaa, siku ya maji mafu, mawimbi yakiwa chini ya mita 1. Vaa viatu na kofia ngumu. Nahodha asiondoke, akusubiri upande wa kaskazini yako.